Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Somo Juu ya Msumeno wa Mnyororo Uliokanyagwa na Gari



Katika vyama vyetu vinavyoshughulika na miti, magogo na mbao, msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao mafundi wengi huuita chenso, ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima wa mahindi. Chombo hiki hununuliwa kwa fedha za hisa, au kwa mkopo ambao wanachama wote wameudhamini. Kikisimama siku moja, magogo hayakatwi, lori lililokodiwa hurudi tupu, na mnunuzi huenda kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, katika ukaguzi wa mali za vyama si ajabu kukuta katika daftari maneno haya: "Msumeno mmoja umekanyagwa na lori. Umefutwa." Hapana taarifa ya fundi, hapana hesabu, hapana uamuzi wa Bodi. Mkaguzi akiuliza mabaki yako wapi, huambiwa yalitupwa, au yalichukuliwa na mtu kwa bei isiyoandikwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari yenyewe imekwisha pamoja na mali.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini ajali za namna hii hutokea, hatua za kuchukua saa ile ile, namna fundi anavyopaswa kuuchunguza msumeno, jinsi ya kufanya hesabu ya kutengeneza au kuuza, na njia ya haki ya kuamua ni nani alipe. Mwishoni yapo maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya elimu ya ushirika.

1. Kwa nini gari hukanyaga msumeno

Mahali hatari zaidi si chini ya mti unaoangushwa bali ni uwanja wa kupakilia magogo. Hapo hukutana lori, trekta na tela, wapakiaji, na waendesha misumeno wanaopunguza urefu wa magogo au kukata matawi yaliyosalia. Msumeno ukiwekwa chini ni kitu kifupi, kisichofika hata nusu ya kimo cha gurudumu la lori. Dereva aliyeketi juu hauoni ukiwa nyuma ya gari, na vioo vya pembeni havimwonyeshi kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma. Maganda, vumbi la mbao na majani ya misindano huufunika.

Mwendesha msumeno naye ana tabia zake. Akiwa amechoka huuweka msumeno kivulini, na mara nyingi kivuli cha karibu ni cha gari lenyewe. Akiwa amevaa kinga ya masikio, hasikii injini ya lori inapowashwa. Utingo akipiga bodi la lori kwa kiganja na kusema "rudi, rudi," dereva hurudi. Hivyo ajali hii haina mtu mmoja peke yake: ina mwendesha msumeno, ina utingo, ina dereva, na mara nyingi ina chama ambacho hakikuweka utaratibu wowote katika uwanja wake.

Zipo pia ajali zinazofanana na hiyo. Msumeno hutupwa nyuma ya pikapu pamoja na jeki na minyororo ya kufungia mzigo, ukapondwa njiani. Au huwekwa juu ya magogo ukaanguka barabarani, gari la nyuma likaupitia. Uharibifu wake huchunguzwa kwa njia ile ile.

2. Msumeno jinsi ulivyo

Misumeno ya petroli si kitu kipya. Emil Lerp wa Ujerumani alitengeneza wa kwake mwaka 1927, na Andreas Stihl, naye Mjerumani, akafuata mwaka 1929. Misumeno ya zamani hizo ilikuwa mizito na ilihitaji watu wawili. Ya leo hubebwa na mtu mmoja, kwa sababu imetengenezwa kwa vitu vyepesi: plastiki ngumu, aluminiamu na magnesiamu. Wepesi huo ndio faida yake msituni, na ndio udhaifu wake chini ya gurudumu.

Kwa ajili ya somo hili tuugawe msumeno katika sehemu tatu.

(a) Moyo wa msumeno, yaani silinda, pistoni, krenki na beringi zake, pamoja na kasha la injini linalovishika. Hii ndiyo sehemu ya gharama kubwa.

(b) Viungo vya nje, yaani vishikio vya mbele na nyuma, tangi la petroli, tangi la oili ya mnyororo, kifuniko cha kamba ya kuwashia, kifuniko cha chujio la hewa, na mipira au springi zinazopunguza mtetemo.

(c) Viungo vya kukatia na vya usalama, yaani bamba linaloongoza mnyororo, mnyororo wenyewe, breki ya mnyororo ambayo husukumwa na kinga ya mkono wa kushoto, kidaka mnyororo, kufuli ya akseleta na swichi ya kuzimia.

Gurudumu linapopita juu ya msumeno, sehemu ya (b) na ya (c) ndizo huumia kwanza, kwa maana ndizo zilizo nje. Vishikio hupinda au huvunjika, tangi hupasuka, bamba hupindika. Ikiwa ardhi ni laini, msumeno huzama kidogo na moyo wake huweza kusalimika kabisa. Ikiwa ni barabara ya kokoto au sakafu ya saruji, nguvu yote huishia ndani. Kwa hiyo msumeno unaotisha kwa kuutazama huenda una injini nzima, na msumeno ulioonekana kupona huenda una ufa katika kasha. Kuutazama kwa macho tu mbele ya mkutano si uchunguzi.

3. Mambo ya kufanya saa ile ile

Kwanza, dereva asimamishe gari mahali alipo, wala asirudi mbele na nyuma kujaribu kulitoa. Kila mzunguko wa gurudumu huongeza hasara. Msimamizi wa uwanja ahakikishe kwamba hapana mtu aliyeumia, kisha aelekeze gari litoke kwa njia iliyo fupi zaidi.

Pili, hatari ya moto. Tangi likipasuka, petroli humwagika juu ya majani makavu, na bomba la moshi la msumeno uliokuwa kazini bado lina joto kali. Watu wote wenye sigara wasogee mbali. Chomoa waya wa plagi. Sogeza msumeno penye udongo mtupu, mwaga petroli iliyobaki katika chombo chenye kifuniko, na funika kwa udongo mahali ilipomwagika. Vyama vya wakulima wa miti katika Mufindi, Njombe na Makete havihitaji kuelezwa maana ya moto katika shamba la misindano wakati wa kiangazi.

Tatu, mtu yeyote asivute kamba ya kuwashia ili "kuona kama bado unawaka". Kipande cha plastiki, mchanga au bawa lililovunjika la flaiwili, yaani gurudumu linalopeleka upepo katika silinda, huweza kuvutwa na kukwama, na hapo hasara ndogo inageuka kuwa kubwa. Uharibifu huu wa pili haukuletwa na lori. Umeletwa na haraka.

Nne, okoteni vipande vyote, hata skrubu na springi, na kuvitia katika mfuko mmoja pamoja na msumeno. Fundi mzuri hujua kwa kipande kilichovunjika nguvu ilipita wapi, na mara nyingi skrubu hizo hutumika tena.

Tano, Katibu aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, namba ya msumeno, namba ya gari, majina ya dereva, utingo na mwendesha msumeno, na maelezo ya kila mmoja kwa sahihi yake. Maelezo yaliyochukuliwa siku ile huwa na ukweli. Yale ya baada ya wiki huwa yamekwisha kupikwa.

4. Uchunguzi wa fundi

Chama kimpelekee msumeno fundi anayejua misumeno ya mnyororo, wala si kila fundi wa pikipiki. Fundi atoe taarifa ya maandishi. Katibu naye ajue hatua za uchunguzi ili aweze kuuliza.

Fundi husafisha msumeno kabla ya kuufungua, hasa pande zote za kabureta na plagi, ili mchanga usiingie ndani. Kisha huondoa bamba, mnyororo, plagi na kifuniko cha kamba ya kuwashia. Sasa huzungusha flaiwili kwa mkono, polepole. Izunguke bila kukwaruza mahali popote, na ukingo wake usiyumbe kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Upande wa pili, klachi nayo isiyumbe. Kuyumba huko ni dalili kwamba krenki imepinda. Aangalie pia nafasi iliyopo kati ya sumaku za flaiwili na koili ya umeme: katika misumeno mingi ni kama sehemu 3 katika 10 za milimita, unene wa kadi nyembamba. Nafasi hiyo ikibadilika sana, au flaiwili ikigusa koili, kuna kitu kimehama.

Baada ya hapo hukagua kasha la injini, mahali kila skrubu inapoingia na mahali vishikio vinaposhikana na mwili. Ufa mwembamba huonekana vema ukipakwa petroli kidogo na kupanguswa: kasha hukauka, lakini ufa hubaki na unyevu. Mwisho hupima mgandamizo wa silinda, na hukagua bomba za mafuta na za hewa ambazo huchomoka tangi linapopinda.

Tangi ambalo halina ufa wa wazi lijaribiwe kwa kutiwa petroli, kufungwa, na kulazwa juu ya karatasi ngumu kavu kwa nusu saa, upande mmoja kisha wa pili. Doa lolote ni jibu.

5. Kinachotengenezwa na kinachobadilishwa

Hapa ndipo penye hatari ya maisha, nami naomba Makatibu wapasome mara mbili.

Bamba lililopindika kwa kukanyagwa libadilishwe. Kulinyoosha kwa nyundo hurudisha sura, wala hakurudishi mfereji ambamo mnyororo hupita. Mnyororo nao ukaguliwe kiungo kwa kiungo. Ukiwa na viungo vilivyopinda, utupwe. Ikumbukwe kwamba msumeno ukienda kasi, mnyororo hupita mita 20 na zaidi kwa sekunde moja. Kiungo kilichokatika kwa mwendo huo hakitoi nafasi ya kukikwepa.

Kasha la magnesiamu lililopasuka lisipelekwe kwa mchomeleaji wa madirisha na mageti. Magnesiamu huhitaji mitambo na ujuzi wake. Unga na vumbi lake huwaka kwa mwako mkali, na ukimwagiwa maji moto huzidi badala ya kuzimika. Mchanga mkavu ndio huufunika. Kasha likipasuka, hubadilishwa, au msumeno unakuwa wa kuchukuliwa vipuri.

Tangi la plastiki lililo sehemu moja na kishikio cha nyuma lisigundishwe kwa gundi. Hubeba petroli karibu na bomba la moto, na mkono wa mwendeshaji huning'inia hapo siku nzima.

Breki ya mnyororo ikivunjika kinga yake, hubadilishwa nzima. Katika chama kimoja nilichokagua, kinga hiyo ilivunjwa na tela, ikaondolewa, na msumeno ukarudishwa kazini siku ya pili kwa sababu "unakata vizuri". Ncha ya bamba ilipogusa tawi lililojificha, msumeno uliruka nyuma kumwelekea mwendeshaji, na hapakuwa na kitu cha kuusimamisha mnyororo. Kijana yule alipona, lakini bega lake halinyanyui tena gogo. Kipuri kilichookolewa kilikuwa miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika msumeno mzima.

Vishikio, vifuniko, mipira ya mtetemo na kamba ya kuwashia hubadilishwa bila tabu, na vipuri vilivyokwisha kutumika vinakubalika iwapo vimetoka katika msumeno wa aina na namba ile ile. Kwa sababu hiyo chama kisitupe msumeno uliokufa. Usajiliwe kama akiba ya vipuri, na kila kinachotolewa kiandikwe. Fundi anapofungua klachi akumbuke pia kwamba katika misumeno mingi skrubu yake hulegezwa kwa kuzungushwa upande ambao skrubu za kawaida hukazwa. Asiyejua hilo huvunja kilichosalimika.

6. Majaribio kabla ya kurudi kazini

Msumeno uliotengenezwa usipokelewe kwa sababu umewaka tu. Katibu au msimamizi ashuhudie majaribio haya, na aweke sahihi:

(a) Injini ikiwa imezimwa, breki imefunguliwa, mwendeshaji aushike msumeno juu ya kisiki, aachie kishikio cha mbele tu, na ncha ya bamba ianguke juu ya kisiki. Breki ijifunge yenyewe.

(b) Injini ikiwaka na msumeno umeshikwa imara kwa mikono miwili, akseleta ikivutwa, kinga isukumwe mbele kwa kifundo cha mkono. Mnyororo usimame papo hapo.

(c) Injini ikinguruma polepole bila kuguswa akseleta, mnyororo usizunguke.

(d) Akseleta isivutike mpaka kufuli yake imebanwa na kiganja, na irudi yenyewe ikiachiliwa.

(e) Swichi ya kuzimia izime injini.

(f) Ncha ya bamba ikielekezwa kwenye gogo safi bila kuligusa, na injini ikienda kasi ya wastani, mstari wa oili uonekane juu ya gogo katika muda wa dakika moja. Usipoonekana, pampu au tangi la oili limeumia.

Jaribio moja likishindwa, msumeno unarudi kwa fundi, hata kama mnunuzi wa magogo amesimama mlangoni.

7. Hesabu ya kutengeneza au kuuza

Wanachama wengi huuliza, "Je, si afadhali kununua mpya?" Swali hilo hujibiwa kwa kalamu. Tuchukue mfano, bei hizi ni za zoezi tu, nanyi mtaweka za kwenu.

Chama kilinunua msumeno kwa shilingi 1,800,000 na kukadiria kwamba utafanya kazi miezi 36. Uchakavu wake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Ulikanyagwa baada ya miezi 18, hivyo thamani yake vitabuni ni shilingi 900,000. Fundi anasema moyo wa msumeno ni mzima, na anakadiria hivi:

Tangi pamoja na kishikio cha nyuma: sh. 180,000
Kishikio cha mbele: sh. 60,000
Bamba na mnyororo: sh. 140,000
Kifuniko cha kamba ya kuwashia: sh. 70,000
Ufundi: sh. 50,000
Jumla: sh. 500,000

Mtu mmoja yuko tayari kuununua ulivyo, kwa ajili ya vipuri, kwa shilingi 250,000. Wengi husahau fedha hii. Chama kikiamua kutengeneza, kinaziacha hizo 250,000, kwa hiyo kutengeneza kunagharimu kwa kweli shilingi 750,000. Msumeno ukifanya kazi miezi 18 iliyosalia, kila mwezi utagharimu shilingi 41,667. Mpya hugharimu 50,000 kwa mwezi. Hapa chama kitengeneze.

Sasa tuseme krenki imepinda, na gharama inaongezeka kwa shilingi 400,000. Matengenezo yanakuwa 900,000. Ukijumlisha 250,000 zilizoachwa ni shilingi 1,150,000. Gawanya kwa miezi 18: shilingi 63,889 kwa mwezi. Hapa chama kiuze, na kuongeza fedha kununua mpya. Hivyo uamuzi hautokani na huruma wala hasira, bali na habari moja aliyoileta fundi juu ya krenki.

Kuhusu vitabu: matengenezo yaliyourudisha msumeno katika hali yake ya awali huingizwa katika gharama za matengenezo, wala hayaongezwi katika thamani ya mali. Ukiuzwa kwa shilingi 250,000 wakati vitabuni una 900,000, hasara ya shilingi 650,000 ionyeshwe wazi, na stakabadhi ya mauzo itolewe. Ikiwa kasha lenye namba ya msumeno limebadilishwa, namba mpya iandikwe katika rejesta ya mali pamoja na ile ya zamani, maana mkaguzi atakapokuja atatafuta namba ile.

8. Nani alipe?

Katika chama kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, lori la kukodi lilikanyaga msumeno wa chama. Mkutano uliitishwa siku ya tatu, na sauti nyingi zilidai kwamba mwendesha msumeno alipe bei ya mpya. Hakuwa na fedha. Alikuwa na shamba la misindano ya miaka mitano, aliyoipanda kwa ajili ya ada za shule za watoto wake, na hoja ilitolewa kwamba chama kilichukue. Misindano ya umri huo haijafikia kuvunwa. Angenyang'anywa kwa thamani ya kuni kitu ambacho angekivuna kwa thamani ya mbao.

Katibu wa chama hicho, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliomba jambo moja: mkutano uahirishwe siku saba, fundi achunguze. Taarifa ya fundi ilionyesha kwamba injini ilikuwa nzima. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya ajali yalionyesha kwamba mwendesha msumeno aliitwa kusaidia kufunga mzigo, akauweka msumeno nyuma ya gari. Kwamba utingo alitoa ishara ya kurudi bila kuzunguka nyuma. Na kwamba chama hakikuwa na mahali palipotengwa pa kuweka misumeno. Mwenye lori alikubali kulipa nusu ya matengenezo, chama kililipa nusu, na mwendesha msumeno alipewa onyo la maandishi. Shamba lilibaki kwake.

Funzo la mfano huu ni kwamba uchunguzi hutangulia hukumu. Bodi itofautishe ajali, uzembe na makusudi. Aidha, ikiwa mhusika ni mwajiriwa wa chama, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Mwajiriwa awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni. Apewe nafasi ya kulipinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Hasara halisi katika mfano wetu wa hesabu ni matengenezo ya shilingi 500,000, wala si 1,800,000 za msumeno mpya. Anayemtoza mtu bei ya kitu kipya kwa kitu kilichotumika nusu ya umri wake, amemtoza zaidi ya alichoharibu.

Kwa gari la kukodi, mkataba useme mapema ni nani atawajibika kwa mali itakayoharibika uwanjani. Sentensi moja katika mkataba huokoa mikutano mitatu.

9. Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyama vyetu vianze na mambo haya machache:

(a) Kila uwanja wa kupakilia uwe na mahali pamoja pa kuweka misumeno: kichanja cha miti chenye kimo cha kiuno, mbali na njia ya magari. Msumeno uwe kichanjani au mikononi, usiwe chini.

(b) Gari lisirudi nyuma mpaka mtu mmoja aliyeteuliwa amelizunguka kwa miguu. Huyo peke yake ndiye atoe ishara.

(c) Msumeno upakwe rangi kali kishikioni, nyekundu au ya machungwa, na rangi irudishwe inapofutika.

(d) Katika pikapu, msumeno usafiri ndani ya sanduku la mbao, bamba likiwa na ala yake, tangi likiwa limefungwa barabara.

(e) Kila asubuhi na jioni misumeno ihesabiwe na kuandikwa katika daftari la kutolea na kupokelea, kwa sahihi.

Kichanja ni kazi ya nusu siku, na miti yake imo msituni mwetu wenyewe. Hakuna chama kitakachosema kimekosa fedha za kukijenga.

Ndugu wanachama, wahenga walituambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hulitazama kwanza, akajua kama lafaa kuungwa au kuyeyushwa, kisha akaendelea na kazi. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mali ya chama: tuitazame, tuihesabu, tuiandike, ndipo tuamue.

Maswali ya kujadiliwa

1. Je, katika uwanja wenu wa kupakilia, misumeno huwekwa wapi wakati wa mapumziko? Nani aliamua pawe hapo?

2. Fundi amekadiria matengenezo ya shilingi 600,000. Mnunuzi wa vipuri anatoa shilingi 200,000. Msumeno umebakiza miezi 12, na mpya hugharimu shilingi 50,000 kwa mwezi. Chama kifanye nini? Onyesheni hesabu.

3. Mwanachama anasema breki ya mnyororo si lazima kwa mtu mwenye uzoefu. Mtamjibuje?

4. Msumeno umekanyagwa na trekta la chama chenyewe, likiendeshwa na mwajiriwa wa chama. Orodhesheni maelezo ambayo Katibu anapaswa kuyachukua siku hiyo hiyo, na kwa nani.

5. Someni mkataba wenu wa kukodi lori. Je, unasema lolote juu ya mali ya chama itakayoharibiwa na gari? Kama hausemi, andikeni sentensi ya kuongeza na kuipeleka kwa Bodi.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika